Skrini Kubwa, Kiu ya Mwanga: Kinacholipiwa Hasa Katika Sinema za Daraja la Juu

Ukinunua tiketi ya ukumbi wa sinema wenye skrini kubwa ya daraja la juu, iwe London, Toronto, Dubai au Nairobi, unalipa nyongeza kwa ajili ya jina lililoandikwa mlangoni. Majina hayo ni mengi. Kuna IMAX na Dolby Cinema, ambayo ni ya kampuni zinazouza teknolojia yao kwa wenye kumbi, na kuna mengine ambayo wenye kumbi wamejibunia wenyewe, kama vile MAX ya VOX katika nchi za Ghuba, au XD ya Cinemark na RPX ya Regal nchini Marekani. Shida ni kwamba majina haya hayapimi kitu kimoja. Moja linazungumzia projekta, jingine linazungumzia umbo la picha, na jingine halina zaidi ya upana wa ukuta na ulaini wa viti. Hata jina la IMAX peke yake limebandikwa kwenye kumbi zenye mitambo isiyofanana kabisa, kiasi kwamba watu wawili wanaweza kutazama filamu moja, chini ya jina moja, na wakatoka wameona picha zenye umbo tofauti. Ili tuufumbue utata huu, tuanze na kitu ambacho mitambo yote hii inahangaika nacho, nacho ni mwanga.

Projekta haitengenezi picha kubwa. Inatengeneza picha ndogo sana, ndogo kuliko kiganja cha mkono, kisha inaisukuma kwa mwanga kupitia lenzi hadi ienee ukutani. Kwa hiyo kila mita ya mraba inayoongezwa kwenye skrini inakula sehemu ya mwanga ule ule. Skrini ikirefushwa mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, eneo lake huwa mara nne, na picha hufifia hadi kubaki na robo ya ung'avu wake. Ni kama kijiko kimoja cha samli: kikipakwa kwenye chapati moja kinang'aa juu yake, lakini kikigawanywa kwenye chapati nne hakionekani tena.

Hesabu yake si ngumu, na inafaa kuifanya kwa sababu ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata. Studio kubwa za Hollywood ziliunda mwaka 2002 chombo kiitwacho Digital Cinema Initiatives, na mwaka 2005 chombo hicho kikatoa viwango vya sinema ya kidijitali. Kimojawapo kinasema kwamba sehemu nyeupe kabisa ya picha inapaswa kumrudishia mtazamaji mwanga wa kandela 48 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa kila mita ya mraba. Skrini ya kawaida yenye upana wa mita 10, ikiwa imetengenezwa kwa kitambaa cheupe kinachotawanya mwanga sawasawa pande zote, inahitaji takriban lumeni 8,000 (lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka kwenye projekta) ili kufikia kiwango hicho. Ukiipa upana wa mita 20 bila kubadilisha umbo lake, inahitaji zaidi ya lumeni 32,000. Ukumbi wa BFI IMAX jijini London, uliofunguliwa mwaka 1999, una skrini yenye upana wa mita 26 na kimo cha mita 20, na hesabu ile ile inadai karibu lumeni 78,000. Skrini ya ukumbi wa sinema wa Traumpalast huko Leonberg, Ujerumani, yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 800, inadai takriban 123,000. Kujenga ukuta mkubwa ni kazi ya fundi mwashi. Kuujaza mwanga ndiyo kazi iliyowakosesha wahandisi usingizi kwa zaidi ya miaka 50.

Jibu la kwanza la maana lilitoka Kanada. Mwaka 1967, katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika Montreal, watengenezaji filamu walijaribu kuonyesha picha kubwa kwa kuunganisha projekta nyingi, kazi iliyokuwa na usumbufu mwingi kwa sababu mitambo yote ililazimika kwenda sambamba. Graeme Ferguson, Roman Kroitor na Robert Kerr, pamoja na mhandisi William Shaw aliyejiunga nao, waliamua kutafuta projekta moja yenye nguvu badala ya nyingi zenye kusuasua, na hapo ndipo IMAX ilipozaliwa. Filamu yao ya kwanza ilionyeshwa Osaka, Japani, mwaka 1970, na mwaka uliofuata ukumbi wa kwanza wa kudumu, Cinesphere, ukafunguliwa Toronto.

Siri yao ilikuwa katika ukubwa wa picha iliyopo kwenye utepe wenyewe. Katika sinema ya kawaida ya wakati ule, utepe wa milimita 35 ulipita wima mbele ya taa, na kila picha ilichukua kimo cha matundu manne ya pembeni. Watu wa IMAX walichukua utepe wa milimita 70 na kuulaza, ukapita kwa mlalo, na kila picha ikachukua matundu 15. Picha moja ikawa na upana wa karibu milimita 70 na kimo cha zaidi ya milimita 48, yaani zaidi ya mara tatu ya eneo la picha ya milimita 70 iliyozoeleka. Picha kubwa ina faida mbili kwa mpigo. Inabeba maelezo mengi zaidi, kwa hiyo haihitaji kukuzwa kupita kiasi ili ijaze ukuta, na inaruhusu mwanga mwingi upite bila utepe kuungua, kwa kuwa joto la taa linagawanyika kwenye eneo pana.

Lakini utepe wa namna hiyo hauwezi kuvutwa kwa meno ya kawaida ya projekta. Kwa picha 24 kila sekunde, unakimbia kwa kasi ya mita 1.7 kwa sekunde, na kila picha lazima isimame kabisa mbele ya lenzi kabla ya nyingine kuchukua nafasi yake. Meno yangeurarua. Suluhisho lilitokana na uvumbuzi wa Mwaustralia Ron Jones, nao ni wa kupendeza kuutazama kwa karibu. Utepe hauvutwi, bali unasukumwa katika mawimbi madogo yanayoviringika ndani ya gurudumu kubwa, kama jongoo anavyotembea: sehemu ya mwili inainuka, inasogea, inatua, huku sehemu nyingine ikiwa imetulia tuli. Picha inapotua, vijiti vidogo huingia kwenye matundu yake na kuishika mahali pake, kisha hewa hufyonzwa na kuigandisha kwenye kioo cha nyuma cha lenzi, ikae bapa bila hata mkunjo mmoja. Mara 24 kwa sekunde. Nyuma yake inawaka taa ya gesi ya zenoni ya kilowati 15, inayopozwa kwa maji. Hakuna mtambo wa sinema ninaouheshimu kuliko huu.

Gharama yake iko kwenye mizani. Filamu ya Oppenheimer, iliyotoka mwaka 2023 na yenye urefu wa saa tatu, ilichapishwa kwenye utepe wa IMAX wenye urefu wa takriban kilomita 17 na nusu, na kopi moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 270. Kumbi zilizoweza kuionyesha kwa namna hiyo zilikuwa 30 tu duniani kote. Kopi ya namna hiyo haibebwi begani, na mwendeshaji wake lazima awe fundi aliyefunzwa, siyo kijana wa kubonyeza kitufe.

Ndiyo maana dunia ilihamia kwenye kidijitali. Moyo wa projekta nyingi za kidijitali ni chipu iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. Juu ya chipu hiyo vimepangwa vioo vidogo mno, kimoja kwa kila nukta ya picha. Katika projekta ya 2K, yenye nukta 2,048 kwa upana, chipu inabeba vioo zaidi ya milioni mbili, na katika projekta ya 4K, yenye nukta 4,096, inabeba zaidi ya milioni nane, kila kimoja chembamba mara kadhaa kuliko unywele. Kila kioo kinajua mambo mawili tu: kujiinamisha upande huu na kutupa mwanga ndani ya lenzi, au kujiinamisha upande ule na kuutupa pembeni upotee. Hakuna hali ya katikati. Rangi ya kijivu hupatikana kwa muda: kioo kikitupa mwanga kwenye lenzi kwa nusu ya muda na pembeni kwa nusu nyingine, jicho, ambalo halina kasi ya kufuatilia mtikisiko wa maelfu ya mara kwa sekunde, linaona kijivu. Katika projekta za kumbi kubwa kuna chipu tatu, moja ya mwanga mwekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, na picha zao huunganishwa kabla ya kuingia kwenye lenzi.

Hapa lile tatizo la mwanga lilirudi kwa sura mpya. Chipu ni ndogo kuliko picha ya utepe wa IMAX kwa kiasi kikubwa, na taa ya zenoni haitoi mwanga kutoka kwenye nukta moja, bali kutoka kwenye cheche yenye upana wake. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza wati, na wati zikiongezeka cheche nayo inatanuka, hadi mwanga wa ziada haupenyi tena kwenye eneo dogo la chipu na lenzi yake. Ni sawa na kumimina maji kutoka kwenye pipa kupitia faneli ya chupa: ukishajaza faneli, kila unachoongeza kinamwagika chini. Kwa hiyo projekta za zenoni ziligonga mwamba kwenye lumeni thelathini elfu na ushee, kiasi kinachotosha skrini ya mita 20 wakati taa bado mpya. Taa nayo huchoka. Inaanza kupoteza ung'avu tangu wiki za mwanzo, na mwenye ukumbi anayetaka kuokoa pesa huiacha iwake hadi mwisho wa uhai wake, ilhali watazamaji wanakaa gizani wakidhani filamu ndiyo iliyopigwa hivyo.

IMAX ilipoanza kusambaza mfumo wake wa kidijitali mwaka 2008, ilijibu tatizo hilo kwa kutumia projekta mbili za 2K zilizomulika picha moja juu ya nyingine. Mwanga uliongezeka, lakini mfumo huo haukuweza kujaza kuta refu za kumbi za zamani. Nyingi ya kumbi mpya zilikuwa kumbi za kawaida zilizokarabatiwa, ambapo safu za mbele za viti ziliondolewa na skrini mpya ikasogezwa karibu na watu. Mwaka 2009 watazamaji wa Marekani walilalamika hadharani kwamba wanatozwa bei ya IMAX kwa skrini isiyofikia ukubwa waliouzoea. Walikuwa na haki. Jina lilikuwa lile lile, lakini kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimebadilika, na hakuna aliyewaambia dirishani pa tiketi. Nairobi nayo ilipata ukumbi wake wa IMAX, katika jengo la 20th Century kwenye Mtaa wa Mama Ngina, wakati kidijitali kilikuwa kimeshashika hatamu. Kwa hiyo mtu aliyesoma habari za utepe wa milimita 70 asitarajie kuukuta pale.

Tofauti inayoonekana kwa macho zaidi ni ya umbo. Picha ya utepe wa IMAX ina uwiano (upana kwa kimo) wa 1.43 kwa 1, yaani inakaribia kuwa mraba, na inampanda mtazamaji kutoka chini ya miguu hadi juu ya kichwa. Kumbi nyingi za IMAX za kidijitali zina skrini ya 1.90 kwa 1. Filamu nyingi zinazoonyeshwa katika kumbi za kawaida zina uwiano wa 2.39 kwa 1, umbo refu kama ukanda. Sasa chukua tukio lililopigwa kwa kamera ya IMAX katika uwiano wa 1.43. Likionyeshwa kwa upana wote kwenye skrini ya 1.90, robo ya kimo chake inakatwa, na likionyeshwa kwenye 2.39, asilimia 40 inakatwa. Waongozaji wanalijua hilo na hupanga picha ili vitu vya lazima vibaki katikati, kwa hiyo hutapoteza kisa. Utakachopoteza ni anga juu ya kichwa cha mhusika na ardhi chini yake, na ndivyo vitu vinavyomfanya mtu ahisi kwamba yupo mahali pale.

Idadi ya nukta nayo inategemea umekaa wapi. Jicho lenye afya linaweza kutenganisha takriban nukta 60 katika kila digrii ya mtazamo. Mtu aliyekaa mita 14 kutoka kwenye skrini yenye upana wa mita 20 anaona skrini hiyo ikichukua kama digrii 71 za macho yake. Picha ya 2K inampa nukta 29 hivi kwa digrii, nusu ya uwezo wake, na anaweza kuona ukingo wa herufi ukiwa na vijingazi. Picha ya 4K inampa karibu 58. Kwenye ukumbi mdogo, mtu akiwa safu ya nyuma, tofauti hiyo haina uzito, lakini kwenye skrini kubwa iliyosogezwa karibu ni jambo la msingi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na leza, iliyoanza kuingia katika kumbi za IMAX na Dolby mwishoni mwa mwaka 2014. Mwanga wa leza unatoka kwenye chanzo chembamba mno na hautawanyiki ovyo, kwa hiyo unapenya kwenye ile faneli karibu wote. Projekta moja ya leza inaweza kuvuka lumeni 50,000, na mbili zikiunganishwa zinajaza hata ukuta wa 1.43. Rangi zake pia ni safi kuliko za zenoni, kwa sababu nyekundu, kijani na bluu zinazalishwa moja kwa moja badala ya kuchujwa kutoka kwenye mwanga mweupe. Badala ya kubadilishwa kila baada ya miezi michache kama taa ya zenoni, chanzo cha leza hudumu kwa makumi elfu ya saa. Kasoro yake moja ni vinukta vinavyometameta kwenye maeneo meupe, vinavyotokana na mawimbi ya mwanga kuingiliana, na baadhi ya kumbi huitikisa skrini kwa mtetemo mdogo usioonekana ili kuvifuta. Hata hivyo, neno leza pekee lisimdanganye mtu. Kuna leza kamili ya rangi tatu, na kuna ile ya bei nafuu ambamo leza ya bluu humulika gurudumu la fosfori, kemikali inayong'aa ikimulikwa, ili kupata rangi nyingine. Zote zinatangazwa kwa jina la leza, lakini ya pili haifikii ya kwanza kwa utajiri wa rangi.

Dolby Cinema, ambayo ukumbi wake wa kwanza ulifunguliwa Eindhoven, Uholanzi, ilichagua njia yake. Haikushindania ukubwa wa ukuta, ilishindania giza. Projekta ya kawaida haiwezi kuonyesha weusi kamili, kwa sababu hata vioo vyote vikigeuka pembeni kuna mwanga kidogo unaovuja na kufika kwenye lenzi, na ndiyo maana usiku wa filamu nyingi huonekana kama moshi wa kijivu. Katika projekta za Dolby, mwanga hupitishwa kwenye vioo mara mbili mfululizo. Kama hatua ya kwanza inaacha kuvuja sehemu moja kati ya elfu, na ya pili nayo inafanya hivyo hivyo, kinachobaki ni sehemu moja kati ya milioni, na ndiyo tofauti ya weupe na weusi ambayo kampuni hiyo inaitangaza. Weupe wake nao unafikia takriban kandela 108 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida. Ili weusi huo usiharibiwe, kuta, dari na viti vya ukumbi hufanywa vyeusi visivyong'aa. Kwangu mimi, kwa filamu yenye matukio mengi ya usiku, ukumbi wa aina hii ni bora kuliko skrini kubwa zaidi yenye weusi uliopauka.

Kitambaa cha skrini husahauliwa, na mara nyingi ndiko hitilafu inakojificha. Filamu za pande tatu (3D) hula mwanga mwingi, kwani kila jicho hupata zamu yake tu, na miwani nayo huzuia sehemu. Kwa mifumo inayotumia mwanga uliopolarishwa, yaani uliopangwa utikisike kwa mwelekeo maalumu, skrini nyeupe haifai, kwa kuwa inavuruga mpangilio huo wa mwanga, hivyo kumbi hufunga skrini ya rangi ya fedha. Skrini hiyo hurudisha mwanga mwingi kwa walioketi katikati na kidogo kwa walio pembeni. Niliwahi kukaa kiti cha ukingoni katika ukumbi wa namna hiyo, filamu ikiwa ya kawaida isiyohitaji miwani, na nusu ya skrini iliyokuwa mbali nami ilionekana kama imefunikwa na wingu. Nilipohamia kiti cha katikati baada ya nusu saa, wingu liliondoka. Hakuna kilichokuwa kimeharibika, ni kitambaa tu kilichowekwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Wapo wanaotaka kuachana na projekta kabisa. Mwaka 2017 Samsung ilifunga jijini Seoul, katika ukumbi wa Lotte Cinema, skrini yenye upana wa zaidi ya mita 10 iliyojengwa kwa taa ndogo za LED, ambayo inawaka yenyewe kama runinga. Weusi wake ni weusi kweli, maana taa iliyozimwa haitoi chochote, na ung'avu wake unazidi wa projekta kwa mbali. Lakini katika sinema ya kawaida skrini hutobolewa vitundu vidogo vingi visivyoonekana, na spika hukaa nyuma yake, ili sauti ya mhusika itoke pale mdomo wake ulipo. Ukuta wa LED haupitishi sauti. Wahandisi walilazimika kuweka spika juu na pembeni, na kutumia mwangwi kuidanganya masikio ya mtazamaji kwamba sauti inatoka katikati.

Anayetaka kuchagua ukumbi kwa busara, basi, aulize mambo machache kabla ya kulipa: projekta ni ya leza ya aina gani au bado ni ya zenoni, ni ya 2K au 4K, skrini ina uwiano gani, na filamu yenyewe ilitayarishwa kwa uwiano huo au la. Kumbi nzuri hujibu bila kusita. Akishaingia, aketi katikati ya safu iliyo nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi, na herufi za kwanza zitakapotokea, atazame pembe nne za skrini. Kama herufi ni kali katikati na zimefifia pembeni, lenzi haijarekebishwa, na mhudumu akiambiwa mapema anaweza kumwita fundi kabla filamu haijashika kasi.